Shangazi Aliyeishi Chunguni

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwokaji. Hili halina ubishi, maana mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema, tena akicheka, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Wapo waliotaka kumsaidia kwa kumtupia lawama Kiongozi wa Njia Nyoofu, lakini Mwokaji hakuupokea msaada huo. "Kiongozi alisema tu," hujibu. "Mkono uliomwaga ulikuwa wangu."

Kilichomwagwa kilikuwa chachu. Si hamira ya pakiti inayouzwa kila duka, bali chachu ya kulelewa: uji mzito wa unga na maji, wenye povu na ukali wa kutekenya pua, uliokaa katika chungu cha udongo kwenye rafu karibu na tanuri. Kila alfajiri sehemu yake ilichotwa ikakandwa na unga wa siku hiyo, mkate ukaumuka. Kilichobaki kikaongezwa unga na maji ya uvuguvugu, kikaendelea kuishi. Mama mkwe wa Mwokaji ndiye aliyeianzisha, kabla hajamzaa binti yake, na alipofariki aliwaachia tanuri, meza ya kukandia na chungu kile. Kwa kuwa chachu ilimzidi umri kila mtu nyumbani, ikicheleweshewa chakula ilinuna, na ikishiba ilivimba na kupumua kwa sauti, waliiita Shangazi.

"Shangazi amekula?" ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza ya nyumba ile.

"Amekula, amevimba. Leo ana maneno," mkewe alijibu.

Huyu mkewe, Mama Kidege, alikuwa mtu wa kuzungumza na kila kitu. Alizungumza na Shangazi, alizungumza na tanuri, na zaidi ya yote alizungumza na Mungu, mikono ikiwa ndani ya unga mpaka viwikoni. Wala hakuzungumza kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. "Mungu wangu," utamsikia, "jana umetuletea mvua kuni zetu ziko nje. Sikulaumu, nauliza tu." Kisha hunyamaza akikanda, kama anayengoja jibu. Asipolipata hushukuru vilevile, akaendelea na kazi.

Mambo yote yalianzia kwenye shukrani. Binti yao wa pekee, Kidege, alishikwa na kifua akalazwa. Kwenye kitanda kilichofuata alilala mjukuu wa Kibogoyo, mwokaji wa ng'ambo ya barabara: mtoto wa rika lake, ugonjwa uleule, dawa ileile, hata shuka zao zilifanana viraka. Kidege akapona. Mjukuu wa Kibogoyo hakupona.

Mwokaji alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, na shukrani nyingi asijue aziweke wapi. Shukrani ikizidi kipimo nayo ni mzigo. Alikuwa bado anatafuta pa kuutua alipokutana na watu wa Njia Nyoofu, waliokuwa wakisali katika ghala la zamani nyuma ya soko. Wao walijua shukrani inavyopimwa: acha hiki, acha kile, usiketi na fulani, usile kwa fulani. Kiongozi wao alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Mtaani walimwita Rula, lakini akipita walimwita Kiongozi. Tumtendee haki: hakuwa tapeli. Hakugusa sadaka ya mtu, alifunga kuliko wafuasi wake wote, na kila alichowakataza wenziwe alikuwa amejikataza yeye kwanza. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumbishia.

Mama Kidege alikwenda ghalani mara moja tu. Baada ya sala waliulizwa kama kuna mwenye neno, naye akasimama.

"Nina swali, Kiongozi. Wangu amepona. Wa jirani yangu, kitanda kwa kitanda, amekufa. Nimshukuru Mungu vipi bila kumtonesha jirani kidonda?"

Watu wakageuka kumtazama kama mtu aliyeangusha sufuria. Kiongozi hata hakuvuta pumzi.

"Hapo hakuna swali, mama. Huyo jirani yenu hayumo katika njia. Mungu anawatambua walio wake."

Vichwa vikaitikia ghala zima. Mwokaji naye akaitikia kwa kichwa.

Wakarudi nyumbani. Walipofika penye duka la mafuta ya taa, mkewe akasema, "Umeitikia."

"Aliyesema ni Kiongozi. Ningefanyaje?"

"Yule alikuwa mtoto wa watu, Baba Kidege. Ulimshikia kikombe cha maji."

Hakurudi tena ghalani. Mwokaji alirudi. Na kwa kuwa njia ilitaka asisalimiane na walio nje yake, akaacha kumwitikia Kibogoyo.

Hilo lilikuwa na shida yake, kwa sababu Kibogoyo, ambaye hakubakiwa na jino hata moja la mbele, alikuwa na salamu zisizokwepeka. Kila alfajiri, milango ya matanuri mawili ikifunguliwa, alipaza sauti kutoka ng'ambo: "Habari za moto, jirani?" Zamani Mwokaji alijibu, "Moto unawaka, njaa ndiyo haizimi." Sasa aliinua uso akalikodolea macho bomba lake la moshi, kama fundi aliyeitwa kulikagua. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile.

"Jirani," Kibogoyo alimwuliza siku moja, "hilo bomba lako lina nini? Kila nikikusalimu unaliangalia."

*

Siku ya ujinga wenyewe ilifika hivi. Ndugu mmoja wa Njia Nyoofu alipita alfajiri kumchukua Mwokaji waende salani, akamsikia Mama Kidege ndani akisema, "Kula, Shangazi, kula, riziki yetu iko mikononi mwako." Ndugu yule akachungulia. Hakuona shangazi. Aliona mwanamke analisha chungu.

Mchana Kiongozi akaja mwenyewe. Mama Kidege alikuwa amepeleka mikate hospitali, maana jiko la hospitali ileile iliyomtibu Kidege ndilo lililokuwa mteja wao mkubwa. Kiongozi alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba, akajikunja kidogo asiguse meza yenye unga.

"Nimesikia humu mnalisha chungu."

Mwokaji akacheka. Kiongozi hakucheka.

"Ni chachu ya mkate, Kiongozi. Hilo la Shangazi ni utani wetu tu."

"Mnakipa chakula kabla ninyi hamjala?"

"Ndiyo, maana kikichelewa..."

"Mnakiita kwa jina la heshima?"

"Utani, Kiongozi."

"Kikifa, riziki yenu inayumba?"

Mwokaji akakuna shingo. "Kuyumba itayumba."

"Basi niambie, ndugu yangu. Chakula kinapewa. Jina kinalo. Kinategemewa. Kimebakiza nini ili kiwe mungu?"

Kulikuwa na jibu, tena rahisi. Mama Kidege baadaye alilitoa huku akivua kanga ya kichwani: "Kwa hesabu hiyo hata ng'ombe wa maziwa ni mungu." Lakini jibu zuri hukaa na wasiokuwepo. Mwokaji alikitazama chungu, kisha akamfikiria Kidege alivyokuwa akihema kitandani, na ule mzigo wa shukrani ukamkaa begani upya. Mungu amempa mtoto; yeye achelewe kutoa chungu?

Akakibeba hadi mtaroni, akainamisha. Shangazi hakumwagika kama maji. Alitoka polepole, kwa kusitasita, kama mtu mzima anayefukuzwa nyumba aliyoijenga, akaacha povu ukingoni.

Na kwa kuwa mgeni wa dini akiambiwa piga goti hujilaza kifudifudi, Mwokaji akarudi ndani, akatoa na pakiti zote za hamira kabatini, akazitupa zikamfuate.

"Hizo sikuzitaja," alisema Kiongozi.

"Nimejiongezea, Kiongozi. Kinachovimba ni kiburi. Kuanzia leo hapa ni mkate mnyoofu."

Kiongozi alimtazama kwa muda, akambariki, akaondoka.

Mama Kidege aliporudi hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alikiosha chungu, akakifuta, akakifudikiza kwenye rafu palepale. Kidege akaja mbio kutoka shule.

"Shangazi yuko wapi?"

"Amesafiri," alisema Mwokaji.

"Usimdanganye mtoto," alisema mkewe, akiwa amewapa mgongo. "Mwanangu, Shangazi amemwagwa na baba yako."

*

Mkate mnyoofu ulitoka tanurini umenyooka kweli. Ulikuwa bapa, mgumu, wa rangi ya kigae, na ukiugonga ulilia. Mteja wa kwanza aliuliza kama unauzwa kwa mkate au kwa mita ya mraba. Wa pili alinunua miwili, akasema mlango wake umelegea bawaba, huenda ukafaa kuukingia. Walicheka, lakini wa tatu hakucheka wala hakununua. Alivuka barabara kwenda kwa Kibogoyo, kikapu mkononi, akatembea kwa haya, kama anayetoka msibani kabla ya dua.

Hospitali, mpishi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha masufuria, alitoa mkate mmoja kapuni akaugonga mezani. Ko, ko, ko. Wasaidizi wake wote wakageuka.

"Karibu ndani," alisema mmoja, jiko zima likaangua kicheko.

"Hiki ni nini, Baba Kidege?"

"Mkate mnyoofu, mama."

"Unyoofu nauona. Nauliza ugonjwa. Maana hapa nina wazee wa kulishwa uji na watoto wa kuchovya. Watauchovya huu kwenye nini, petroli?" Akashusha sauti kidogo, na hapo ndipo ilipouma. "Binti yako alipokuwa hawezi kumeza kitu, mimi mwenyewe nilimlowekea mkate wako kwenye chai. Ule laini. Ndicho kitu cha kwanza kilichokaa tumboni. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ila hakuwahi kuliunganisha jambo hilo na kile alichokimwaga mtaroni.

"Kesho nipate mkate wa kuliwa na watu," alisema mpishi. "La sivyo oda naipeleka kwa Kibogoyo, na usininunie."

Akarudi na kapu lake kichwani, zito vilevile kama alivyokwenda nalo. Njiani alipita kwa Kiongozi. Alimkuta anakula mkate mnyoofu, kwa subira, akiuzungusha mdomoni kutoka shavu hadi shavu.

"Ni mzuri," alisema Kiongozi alipofanikiwa kumeza. "Vumilia, ndugu. Ukiwa mgumu ndio wa kweli."

Mwokaji alimwangalia yule mzee aliyekauka, koti lake linalong'aa, jinsi alivyoumega mkate kwa shida na bado akaushukuru. Kwa mara ya kwanza hakumwogopa. Alimhurumia. Na mtu ukishamhurumia ni vigumu kumwachia afikiri badala yako.

Nyumbani akamwambia mkewe, "Nikanunue hamira dukani?"

"Kanunue. Utaumuka." Mama Kidege alikuwa akichambua kuni mbichi na kavu. "Lakini hautakuwa wa mama."

"Tuanzishe chachu nyingine."

"Tutaanzisha. Itakuja kukomaa hospitali wameshatusahau." Akatupa ukuni upande wa mbichi. "Sijakasirika kwa chungu, Baba Kidege. Nimekasirika kwa kuwa nilikuwa nusu saa tu mbali nawe, na hukuona haja ya kuniuliza. Mimi Mungu mwenyewe namwuliza mpaka kuhusu kuni, wewe mke wako umeshindwa kumwuliza kuhusu chachu ya mama yake?"

Mwokaji akaketi chini, akaanza kumsaidia kuchambua kuni.

*

Jioni jua likiwa bado juu ya mapaa, Kibogoyo aliingia bila hodi, amekumbatia sufuria iliyofunikwa kitambaa. Mwokaji kwa mazoea akainua uso juu.

"Humu ndani hakuna bomba, jirani," alisema Kibogoyo. "Itabidi unitazame mimi."

Mama Kidege akageuzia uso ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwokaji akamtazama mzee. Alikuwa amekonda tangu msiba, naye hakuwa ameliona hilo. Ungelionaje, ukiwa kila siku unakagua moshi?

"Mpishi wa hospitali alikuja kwangu," Kibogoyo akaendelea. "Ameniambia nijiandae kuichukua oda yenu kesho mkishindwa. Nimemwambia asubiri kwanza, nina jambo la kifamilia." Akaitua sufuria mezani, akaondoa kitambaa. Harufu ile kali ikapanda puani. Mama Kidege alisogea akaishika kingo kwa mikono miwili.

"Mwaka wa mafuriko chachu yangu ilikufa," alisema Kibogoyo. "Mama yako, binti yangu, alinivushia nusu ya yake kwenye sufuria hiihii, maji yakimfika magotini. Hakuniuliza nasali wapi. Aliniuliza kama nina unga."

"Kwa hiyo huyu ni..." alianza Mwokaji.

"Ni Shangazi wenu. Kwangu anaitwa Shemeji, maana hanipendi, namlisha kila siku na bado ananitoa mapovu. Watu husema akiba haiozi. Hii imeoza, ndio uzuri wake."

Mwokaji hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa cha sufuria, anakikunja na kukikunjua.

"Mzee. Mjukuu wako. Sikukupa pole."

"Hukunipa," alisema Kibogoyo. Hakumrahisishia. "Nilikuwa naingoja. Unadhani zile salamu za kila asubuhi nilikuwa sina kazi? Nilikuwa nakupa nafasi."

"Pole, mzee wangu. Pole sana."

Midomo ya mzee isiyo na meno ilicheza kidogo. "Nimeipokea," alisema. "Imechelewa, lakini hata mkate wa jana huliwa."

Wakamkaribisha kiti, akaketi. Wakanywa chai watatu, meza moja, na paa halikuwaangukia. Kidege alipoingia na kunusa, akapiga kelele: "Shangazi amerudi safari!"

Mama Kidege akakigeuza chungu cha mamaye kikatazama juu, akachota kutoka kwenye sufuria, akaongeza unga, akaongeza maji ya uvuguvugu. "Mungu wangu," alisema taratibu, "asante. Lile swali langu la kitanda kwa kitanda bado liko palepale, usidhani nimesahau. Lakini asante. Asante sana." Na Mwokaji, kwa mara ya kwanza tangu Kidege atoke hospitali, aliuhisi ule mzigo begani ukipungua, bila yeye kutoa kitu chochote. Alikuwa amepokea tu.

*

Asubuhi mikate ilipanda mpaka ikamwagika pembeni mwa vikopo. Kibogoyo alikuja kukagua, akasema imevimba kama mkwe aliyealikwa, akaketi mlangoni akingoja mkate wa kwanza. Kapu la hospitali lilikuwa limekwisha kujazwa Kiongozi alipotokea. Harufu ilimtangulia kumpokea, na ilionekana wazi koo lake lilimeza mate bila idhini yake.

"Ndugu yangu," alimwambia Mwokaji, "nimenusa kutoka kona. Chachu hii imetoka wapi?"

"Kwangu," alisema Kibogoyo.

Kiongozi akainua uso, akaliangalia bomba la moshi. "Nimekuuliza wewe, ndugu."

Mwokaji aliuona uso ule umeinuliwa, akaona aibu kama aliyejiona mwenyewe kwenye kioo. Akapangusa mikono.

"Imetoka kwake, Kiongozi. Kwake ilitoka kwa mama mkwe wangu. Zaidi ya hapo sijui, ila najua si mimi ninayeiumusha."

"Kwa hiyo umeiacha njia."

"Kusali sijaacha. Leo nimesali. Nimeshukuru mpaka ulimi umekauka. Na wewe nakushukuru, maana ulinipokea nilipokuwa sijui pa kwenda. Ila kuna kitu nakirudisha." Akamgeukia Kibogoyo, kisha tena Kiongozi. "Siku ile mke wangu alipouliza juu ya mjukuu wa mzee huyu, wewe ulijibu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kule nakufuta, mbele yake. Mimi sijui kwa nini yule mtoto alikufa. Na wewe hujui, Kiongozi."

Kibogoyo alikuwa hajawahi kulisikia jibu lile la ghalani. Sasa, kwa maneno hayo, alilikisia. Aliinamisha kichwa, akatazama viganja vyake, na mkono wa Mwokaji ukaenda ukakaa begani mwake.

Kiongozi alisimama wima, amenyooka kama siku zote. Lakini ilimuuma kweli, maana alimpenda Mwokaji kwa namna aliyoijua yeye. Akamgeukia Mama Kidege, aliyekuwa akitoa mkate wa mwisho kikoponi.

"Haya yote yameanza na wewe, mama. Tangu uliposimama mbele za watu ukauliza yasiyoulizwa. Kiumbe gani wewe, wa kumhoji Mungu?"

Mama Kidege aliumega mkate ukatoa mvuke. Kipande cha kati, laini, akamwekea Kibogoyo mkononi. Kingine kikubwa vilevile akakiviringisha kwenye karatasi, akampa Kiongozi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mgeni yeyote.

"Mimi namwuliza tu, Kiongozi," alisema. "Wewe ndiye unayemjibia."